Anwani mpya, jina jipya: njia tatu za kusahihisha leseni ya udereva nchini Uingereza

Mtu aliyehamia Uingereza kutoka Kenya au Tanzania huwa ameitolea jasho leseni yake. Leseni ya nyumbani humruhusu kuendesha kwa miezi 12 tu tangu awe mkazi, na kwa kuwa nchi hizi mbili hazimo katika orodha ya zile ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, humbidi aanze na leseni ya mwanafunzi, afanye mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani, hata kama ameendesha Nairobi au Dar es Salaam kwa miaka ishirini. Kadi iliyopatikana kwa taabu kiasi hicho inastahili kutunzwa, na sehemu ya kuitunza ni kuhakikisha kwamba jina na anwani vilivyoandikwa juu yake ni vya kweli.

Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1988, katika kifungu cha 99, inamtaka mwenye leseni kutoa taarifa mara tu jina au anwani yake inapoacha kuwa sahihi, na asiyefanya hivyo anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Swali kwa msomaji, basi, ni apitie njia gani. Ziko tatu: kujaza mwenyewe mtandaoni, kutuma fomu na nyaraka kwa posta, au kuyaingiza mabadiliko hayo katika kuhuisha kadi ya picha, jambo ambalo dereva wa kawaida hulifanya kila baada ya miaka 10. Maelezo haya yanahusu England, Scotland na Wales, ambako leseni hutolewa na DVLA, mamlaka ya leseni za udereva na usajili wa magari, yenye makao yake Swansea. Ireland ya Kaskazini ina mamlaka yake, DVA, yenye fomu na taratibu zake.

Mambo ya kupimia

Njia hizi zinaweza kupimwa kwa mambo manne. La kwanza ni kile kilichobadilika: anwani peke yake, jina peke yake, au vyote viwili. La pili ni kile kitakachotoka mkononi mwako, yaani kadi yenyewe na vyeti vya asili, na kwa muda gani. La tatu ni gharama, na la nne ni muda wa kusubiri. Watu wengi huanza na gharama. Kwa maoni yangu jambo la pili ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote, kwa sababu ada za huduma hizi ni ndogo au hazipo kabisa, lakini cheti cha ndoa kilichotolewa Mombasa au Unguja kikipotea njiani, kukipata kingine kutoka umbali huo ni kazi ya miezi.

Kilichobadilika

Njia ya mtandaoni, kupitia tovuti ya serikali ya GOV.UK, inapokea mabadiliko ya anwani. Haipokei mabadiliko ya jina, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa hudhani kwamba mfumo unaopokea kimoja utapokea na kingine. Andaa namba ya leseni, namba ya Bima ya Taifa, namba ya pasi ikiwa unayo, na anwani zote ulizoishi katika miaka 3 iliyopita. Hilo la mwisho huwasumbua waliohamahama vyumba vya kupanga walipofika, na ni vyema kuziandika anwani hizo pembeni, pamoja na misimbo yake ya posta, kabla ya kufungua ukurasa. Pia ni lazima uwe mkazi wa England, Scotland au Wales, na usiwe umezuiwa na mahakama kuendesha.

Njia ya posta hubeba yote: anwani, jina, jinsia, au vyote kwa pamoja. Fomu yake ni D1, ambayo hupatikana katika ofisi za posta, na kwa wenye leseni za malori na mabasi ni D2, inayoagizwa kutoka DVLA. Kwa jina, fomu huambatana na kadi ya sasa na hati ya asili inayoonyesha jinsi jina la zamani linavyoungana na jipya. Cheti cha ndoa ni hati ya namna hiyo, na hati ya kisheria ya kubadilisha jina ni nyingine. Vivuli havipokelewi, wala vyeti vilivyofunikwa kwa plastiki, na hili la plastiki ni la kuangaliwa sana, kwa maana wazazi wengi nyumbani hufunika vyeti kwa plastiki kwa nia njema ya kuvihifadhi.

Njia ya kuhuisha kadi inategemea kalenda zaidi ya kitu kingine. Angalia upande wa mbele wa kadi, kipengele cha 4b: hiyo ndiyo tarehe ambayo kadi ya picha inakwisha, nayo haihusiani na haki yako ya kuendesha, ambayo kwa dereva wa kawaida hudumu hadi umri wa miaka 70. Kama tarehe hiyo imekaribia na umehama au kubadili jina, yote yanaweza kwenda pamoja, ila palipo na jina jipya ombi hurudi kwenye posta na fomu ya D1, likiwa na picha mpya na hati za kuthibitisha jina. Na kama tarehe ya 4b iko mbali, njia hii haipo kwako. Sheria haikupi ruhusa ya kukaa na anwani ya zamani miaka minne ukingoja zamu ya picha.

Kinachotoka mkononi

Mwombaji wa mtandaoni hukaa na kadi yake mfukoni hadi mpya inapofika, kisha hufuata maelezo ya DVLA kuhusu ile ya zamani. Hakuna cheti kinachosafiri. Kwa mtu anayetumia kadi hiyo kama kitambulisho cha kila siku, tuseme dereva wa kupeleka vifurushi ambaye mwajiri wake huikagua, au mtu aliye katikati ya kutafuta nyumba ya kupanga, hii ni faida kubwa kuliko kasi yenyewe.

Kwa posta, kadi na vyeti huondoka pamoja. Kuendesha hakukomi, kwa sababu sheria inakuruhusu kuendelea wakati ombi lako likishughulikiwa, mradi leseni ya awali ilikuwa halali kwa aina ya gari unaloendesha, hujazuiwa na mahakama, na daktari hajakukataza. Polisi wanaweza kuiangalia rekodi yako katika mfumo. Mwajiri au kampuni ya kukodisha magari huonyeshwa rekodi kwa msimbo ambao wewe mwenyewe unaupata kwenye tovuti ya DVLA, unaodumu siku 21, ingawa kampuni nyingi za kukodisha hutaka kuiona kadi yenyewe pia.

Kuna kundi moja ambalo kuiacha kadi iende kunaweza kulitia hasara: wanaosubiri mtihani wa barabarani. Mtahini hudai kuiona kadi, na asiyekuwa nayo mtihani wake hufutwa na ada huliwa. Kwa jinsi nafasi za mitihani zilivyo adimu, mtu mwenye tarehe ya karibu angefanya vyema kupanga siku ya kutuma bahasha kwa kuitazama tarehe hiyo kwanza, na kuijulisha mamlaka ya mitihani, DVSA, endapo jina na namba vitabadilika kabla ya siku yenyewe.

Kuhusu vyeti, njia nzuri ni kutumia huduma ya posta yenye ufuatiliaji na kuweka ndani bahasha ya kurudishia ambayo umeilipia mwenyewe huduma ya namna hiyo hiyo. Aliyefunga ndoa England au Wales anaweza kuagiza nakala rasmi ya ziada ya cheti kutoka ofisi kuu ya usajili na kuituma hiyo, akabaki na ile ya kwanza nyumbani. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili pekee kifuatane na tafsiri iliyothibitishwa, ili afisa wa Swansea asibaki akikisia neno lipi ni jina na lipi ni kijiji.

Kuhuisha kadi kunaangukia katikati. Anayehuisha mtandaoni hubaki na kadi yake, na mwenye pasi ya Uingereza anaweza kuiruhusu DVLA ichukue picha na sahihi kutoka rekodi ya pasi. Mwenye pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo hana rekodi hiyo, kwa hiyo suala la picha humfanya aifikirie kaunta ya ofisi ya posta inayotoa huduma hii, ambako hupigwa picha papo hapo.

Gharama na muda

Kubadilisha anwani ni bure, iwe mtandaoni au kwa posta. Kubadilisha jina pia ni bure. Ada huja pale picha inapobadilishwa: pauni 14 mtandaoni, pauni 17 kwa posta, na pauni 21.50 katika kaunta ya posta. Ukituma kwa posta malipo huwa kwa hundi au hawala ya posta, jambo linalowashangaza waliozoea kulipa kila kitu kwa simu.

Kwa kuwa huduma ya anwani ni bure, tovuti yoyote inayokuomba malipo ili kukubadilishia anwani si ya serikali. Tovuti za kati zinazofanana na ile rasmi zipo, na nyingine hulipia matangazo ili zitokee juu ya matokeo ya utafutaji. Nasema hivi kwa sababu sisi tumezoea nyumbani kwamba kila ofisi ina mtu wa kukusaidia kujaza, ukampa chochote, na hakuna ubaya. Hapa mtu huyo anabaki na namba yako ya leseni, ya pasi na ya Bima ya Taifa, vyote vikiwa pamoja. Kama Kiingereza cha fomu kinakusumbua, kaa na mwanao au rafiki unayemwamini, mjaze pamoja.

Ombi la mtandaoni kwa kawaida huzaa kadi mpya ndani ya wiki moja hivi. La posta huchukua takriban wiki tatu, na huweza kuzidi ikiwa nyaraka zina jambo la kuchunguzwa.

Jina: mambo ambayo fomu haikuelezi

Anwani ikibadilika, ni mstari mmoja tu wa kadi uliobadilika. Jina la ukoo likibadilika, namba ya udereva yenyewe hubadilika, kwa sababu imeundwa kutokana na jina hilo. Namba hiyo ina herufi na tarakimu 16. Tano za mwanzo ni herufi za kwanza za jina la ukoo, na jina fupi hujaziwa 9, hivi kwamba mwenye ukoo wa Juma huanza na JUMA9 na wa Mwinyi huanza na MWINY. Zinafuata tarakimu za tarehe ya kuzaliwa, ambapo kwa mwanamke tarakimu ya kwanza ya mwezi huongezwa 5, kisha herufi za mwanzo za majina yake mengine. Matokeo yake ni kwamba bibi aliyebadili ukoo ana namba mpya, na kila aliyekuwa na ile ya zamani anapaswa kujulishwa: kampuni ya bima, mwajiri, na mamlaka ya teksi kama anaendesha teksi. Pointi za adhabu alizokuwa nazo haziondoki. Zinahamia kwenye namba mpya pamoja naye.

Lipo pia suala la mpangilio wa majina yetu. Mtu mwenye majina matatu, lake, la baba na la babu, mara nyingi hujikuta pasi yake inasema babu ndiye ukoo, benki inasema baba, na kadi ya udereva imefuata yeyote kati yao. Kabla ya kujaza D1, amua ni mpangilio upi utakaoufuata kila mahali, na ninashauri uwe ule wa pasi, kwa kuwa ndio unaofuatwa na hati ya uhamiaji.

Ndoa peke yake hailazimishi kubadilisha chochote. Kwa Waislamu wengi wa pwani, mwanamke hubaki na jina la baba yake baada ya ndoa, na kama amebaki nalo hana cha kuiarifu DVLA isipokuwa anwani mpya. Anayetaka kuchukua jina la mume aelewe kwamba cheti kinachotakiwa ni kile rasmi cha serikali. Nikah iliyofungwa msikitini England bila usajili wa kiserikali haihesabiwi kuwa ndoa mbele ya sheria ya huko, na karatasi ya msikiti haitabeba uzito wa cheti cha ndoa. Kwa hali hiyo, hati ya kisheria ya kubadilisha jina ndiyo njia iliyo wazi zaidi.

Leseni na kadi ya gari ni vitu viwili

Haya hayachagui njia, lakini yanawagusa watumiaji wa njia zote tatu. Kubadilisha anwani kwenye leseni hakubadilishi anwani kwenye hati ya gari, V5C. Hiyo nayo hubadilishwa bure, kwa ombi lake pekee, na kutofanya hivyo kuna faini yake ya hadi pauni 1,000. Bima nayo iambiwe, kwa sababu bei yake hutegemea mahali gari linapolala.

Uzito wa jambo hili uko katika barua ambazo hazitakufikia. Kamera ya mwendo ikipiga picha, notisi hutumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa, kwenye anwani ya V5C, na mpokeaji ana siku 28 za kumtaja aliyekuwa akiendesha. Asiyejibu anaweza kupata pointi 6 na faini. Sasa, dereva anayefikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 tangu apate leseni yake ya kwanza kamili ya Uingereza hunyang'anywa leseni na kurudi kwenye leseni ya mwanafunzi, na mitihani yote miwili upya. Wengi wa wasomaji wetu wako ndani ya miaka hiyo miwili, kwa kuwa uzoefu wa nyumbani hauhesabiwi. Barua moja iliyolala kwenye nyumba ya zamani inaweza kufuta kazi ya mwaka mzima.

Njia ipi inamfaa nani

Mtandaoni panamfaa aliyehama tu, anayehitaji kadi yake kila siku, na ambaye anwani zake za miaka 3 anazijua. Hapamfai mwenye jina jipya, hata angependa vipi.

Posta inamfaa mwenye jina jipya, na vilevile asiyekuwa na uhakika na intaneti au anayependa kubaki na karatasi ya alichotuma. Subira inahitajika, pamoja na uangalifu wa vyeti.

Kuhuisha kadi kunamfaa ambaye 4b yake inaangukia karibu na siku ya kuhama au ya ndoa, na ambaye kulipa ada ya picha ni jambo ambalo angelifanya hata hivyo.

Kwa kufuata hali yako

Umehama nyumba na jina lako ni lile lile: tumia mtandao wiki hiyo hiyo ya kuhama, na siku hiyo hiyo ufungue pia ukurasa wa V5C.

Umeolewa na umehama kwa pamoja, na unataka jina jipya: ikiwa cheti kiko mkononi, tuma D1 moja kwa vyote viwili. Ikiwa cheti bado kinasubiriwa, au kinahitajika kwanza kwa ajili ya pasi au viza, badilisha anwani mtandaoni sasa, na jina ulipeleke kwa posta cheti kitakaporudi. Utakuwa umefanya ombi mara mbili, lakini zote ni bure, na wajibu wa anwani utakuwa umeutimiza kwa wakati.

Una mtihani wa barabarani hivi karibuni: anwani ibadilishe mtandaoni bila wasiwasi, na kwa jina zungumza na DVSA kabla ya kuachia kadi.

Wewe ni mwanafunzi wa chuo unayeishi bwenini kwa muhula: kama unapatikana kupitia anwani yako ya kudumu hapo hapo nchini, hulazimiki kubadilisha.

Umetalikiwa na unarudia jina la baba: ni posta, ukiwa na hati zinazounganisha majina yote mawili. Kama hati hizo hizo zinatakiwa na wakili wako, subiri zirudi, au agiza nakala rasmi ya pili.

Kadi yako inakwisha mwezi ujao na umehama: huisha mtandaoni na uingize anwani mpya katika ombi hilo.

Unarudi Afrika Mashariki kuishi: DVLA haiandiki anwani ya nje ya nchi kwenye leseni, kwa hiyo usijaribu kuweka ya Arusha au Kisumu. Kama bado una muda kabla ya safari na 4b imekaribia, huisha kadi ungali mkazi, kwa sababu ukishaondoka huwezi kuihuisha kama mkazi, na suala la leseni litakuwa mikononi mwa mamlaka ya nchi unayokwenda kuishi.